Vijana Wayahudi wanaokuja kujitolea kwetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiswahili hapa Arusha. Wanafunzi wangu wengi ni vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea, na kila mwaka humo hukosi Wayahudi wawili watatu, wengine Wamarekani, wengine Waisraeli, wengine wa Uingereza au Afrika Kusini. Baadhi yao nimewasindikiza mpaka Rwanda na mpaka Mbale, Uganda, nikiwa mwalimu wao na, kusema kweli, mlezi. Maswali yafuatayo nimeulizwa na familia zinazowapokea, na walimu wenzangu, na mchungaji wangu, na dereva wa bodaboda anayenipeleka kazini. La karibu na mwisho wameniuliza wao wenyewe.

Hawa wote ni Waisraeli?

Hapana, na lugha yetu ndiyo inayotuponza. Katika Biblia ya Kiswahili, Waisraeli ni wana wa Yakobo. Katika taarifa ya habari, Waisraeli ni raia wa nchi yenye bunge, jeshi na pasipoti. Raia hao wamo Waarabu Waislamu, Wakristo na Wadruzi pia. Wayahudi duniani ni milioni 15 na ushei. Walio Israel hawafiki nusu, au ndio wanakaribia nusu, na kundi kubwa linalofuata liko Marekani. Kijana aliyezaliwa Chicago ni Mmarekani kama jirani yake Mbaptisti. Huenda hajawahi kukanyaga Jerusalem.

Na tena si wote washika dini. Yuko anayesali mara tatu kwa siku, yuko anayefunga Yom Kippur tu, siku yao kuu ya toba, na yuko asiyeamini Mungu kabisa lakini ukimwambia basi wewe si Myahudi atakuchukia. Hili la mwisho huwashangaza sana watu wa kwetu. Fikiria hivi: Mchaga aliyeacha kwenda kanisani bado ni Mchaga, na Desemba utamkuta kwenye basi la Moshi. Kwao ukabila na dini vimefumwa pamoja kama mkeka, ukivuta ukindu mmoja mwingine unakuja.

Wanakuja kuhubiri?

Hapana. Dini ya Kiyahudi haitafuti waumini wapya, na desturi yao ya zamani ni kumvunja moyo kwanza anayetaka kuingia, ili ajulikane kama kweli ameamua.

Sasa kama hawahubiri, wanatafuta nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana jibu limo ndani ya neno tunalolitumia kila siku. Sisi tuna sadaka. Wao wana tzedakah. Maneno haya ni ndugu: Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na Kiswahili kililipokea neno kutoka Kiarabu. Lakini ndugu hawa wamelelewa nyumba mbili. Sadaka yetu iko jirani na kusadiki. Ni kitu unachotoa kwa moyo, na usipotoa hakuna atakayekudai. Tzedakah imetoka kwenye tzedek, yaani haki. Ni deni. Maskini anachukua kilicho chake, na hata yeye maskini anatakiwa atoe kidogo katika alichopewa. Kwa msomaji Mwislamu nitasema hivi: jina ni la sadaka, tabia ni ya zaka.

Musa bin Maimuni, rabi na tabibu aliyeishi Misri na kufariki mwaka 1204, alipanga utoaji katika ngazi nane. Ngazi ya chini kabisa ni kutoa huku umenuna. Ngazi ya juu kabisa ni kumshika mtu mkono kabla hajaanguka, umpe kazi, au mkopo, au uingie naye ubia, mpaka asihitaji kuomba tena. Vijana hawa wamefundishwa ngazi hizo tangu wakiwa wadogo. Wakifika wakaona kazi waliyopangiwa ni kugawa peremende kwa watoto na kupiga picha, wanajua wenyewe wamesimama ngazi ya ngapi. Nimewaona wakiona haya.

Kuna na neno lao jingine, tikkun olam, kuitengeneza dunia. Ni neno la zamani ambalo Wayahudi wa Marekani wamelipa maana mpya katika karne iliyopita, hadi sasa linabeba karibu kila jambo jema. Wapo miongoni mwao wanaolikejeli. Mmoja aliniambia kwao mtu akipanda mti ni tikkun olam, akiosha vyombo ni tikkun olam. Mimi silikejeli, ila namuuliza kila mgeni swali moja: hiyo dunia unayotaka kuitengeneza, ina fundi wake tayari?

Nitajie mahali ambapo kazi hiyo inaonekana.

Kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, Rwanda. Mwaka 2005 mwanasheria wa New York aliyezaliwa Afrika Kusini, Anne Heyman, alihudhuria mhadhara kuhusu mauaji ya kimbari na akasikia jinsi Rwanda ilivyolemewa na yatima. Akakumbuka kwamba baada ya Maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya, Israel nayo ilipokea yatima wengi mno, na ikawalea katika vijiji vya vijana. Akaenda kujifunza katika kimoja cha vijiji hivyo, Yemin Orde, kilichoanzishwa mwaka 1953 katika mlima Karmeli. Desemba 2008 kijiji cha Rwanda kikafungua milango huko Rubona, wilaya ya Rwamagana. Agahozo ni neno la Kinyarwanda la kukaushwa machozi. Shalom hilo unalijua, ni salamu yetu ileile.

Leo waliokuwa yatima wa 1994 ni watu wazima. Wanaopokelewa sasa ni vijana wa sekondari waliotoka katika mazingira magumu, kutoka kila pembe ya nchi, nao ni kama 500 kwa wakati mmoja. Wanaishi kwa familia: kila nyumba ina mama yake, mwanamke wa Kinyarwanda anayelala hapohapo, anayejua nani ana homa na nani amegombana na nani. Wa kujitolea, Wayahudi na wasio Wayahudi, hukaa mwaka mzima, na katika familia huitwa binamu. Nalipenda sana jina hilo. Binamu hana mamlaka juu ya mtu. Anasaidia masomo ya jioni, anacheza mpira, anasikiliza, na mama akisema mkalale, binamu naye anakwenda kulala.

Anne Heyman alifariki mwaka 2014 kwa ajali ya farasi. Mwaka huohuo, kwenye ardhi ya kijiji hicho, ulijengwa mtambo wa umeme wa jua wa megawati 8.5, wenye paneli zaidi ya 28,000 zilizopangwa kwa umbo la bara la Afrika. Kijiji kinapata kodi ya ardhi. Ukikumbuka zile ngazi nane, kodi ya ardhi iko juu sana kuliko peremende.

Mbona kila jioni wanakaa duara na kubishana? Kuna ugomvi?

Mama mmoja wa Tengeru alinipigia simu saa tatu usiku: "Mwalimu, njoo, wageni wako wanapigana." Nilipofika niliwakuta wanasoma. Vijana wawili wawili, karatasi moja katikati, na sauti juu. Hivyo ndivyo wanavyojifunza tangu kale: unapewa mwenzio, mnapewa andiko, na wajibu wako ni kumpinga mpaka maana ijitokeze. Kumkubalia upesi ni kumdharau.

Programu nyingi za Kiyahudi hutenga muda wa namna hii kila siku au kila juma. Mchana ni kazi, jioni ni kuiuliza kazi. Kwa nini tumekuja huku wakati mtaani kwetu kuna watu wanalala nje? Tunafanya kama Wayahudi, au kama Wamarekani wenye nauli? Kama hakuna anayejua kwamba sisi ni Wayahudi, kazi yetu ni ya Kiyahudi bado? Nimekaa pembeni ya baraza hizo jioni nyingi, na nitakueleza nilichokiona.

Mgeni wetu akishuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro anakuwa mzungu, kwisha. Kwao Marekani, iwapo Myahudi ahesabiwe kuwa mtu mweupe tu, bila neno jingine, ni mjadala mrefu wenye historia ya machozi ndani yake, lakini sokoni Kilombero hapa Arusha mjadala huo unaisha kwa mwito mmoja wa "mzungu, nyanya!" Baadhi wanapumua. Ni mara ya kwanza katika maisha yao hakuna anayewajua kwa hilo. Wengine wanajisikia wamefutwa.

Baadaye habari zinavuja kwamba huyu ni Myahudi, na papo hapo anakuwa mtu wa pili: mtu wa kwenye Biblia. Anaulizwa yeye ni wa kabila gani kati ya yale 12. Anaombwa aombee mgonjwa. Binti mmoja alipanda daladala yenye bendera ya Israel na nyota ya Daudi kwenye kioo, akafurahi, akamuuliza dereva kama ni Myahudi. Dereva akamjibu, "Sisi ni Israeli wa kiroho, dada." Alinyamaza njia nzima. Jioni kwenye duara alisema amejiona kama mtu aliyekutana na mwingine kavaa nguo zake, zinampendeza, na hajui hata kwamba zina mwenyewe.

Mtu wa tatu anazaliwa vita ikitajwa redioni. Hapo kijana wa Manchester ambaye hajawahi kupiga kura Israel anakuwa msemaji wa serikali ya Israel, atake asitake.

Kwa hiyo anakuja mmoja, tunampokea kama watatu, na yeye mwenyewe hamo katika hao. Ndiyo maana wanabishana usiku. Umaskini wetu wanauzoea baada ya juma moja au mawili, hata mapema kuliko inavyostahili. Hili la "wewe ni nani" ndilo wanalorudi nalo nyumbani.

Mtu mweusi anaweza kuwa Myahudi kweli?

Naam. Wako Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel. Mei 1991 zaidi ya 14,000 kati yao walichukuliwa kwa ndege kutoka Addis Ababa hadi Israel katika muda wa saa 36 hivi. Watoto wengi wa Kiethiopia walilelewa Yemin Orde, na baadhi ya waliokulia pale walikwenda Rwanda kusaidia kukianzisha kijiji cha Rubona. Jaribu kuona hali hiyo: Mwisraeli mweusi anafika Rwanda na wanafunzi wanamwambia, "Wewe ni wetu, acha kutania, Wayahudi ni hao weupe." Tel Aviv anaulizwa kama ni Myahudi kweli. Rubona anaulizwa vilevile, kwa tabasamu.

Na Mbale, Uganda, wako Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha wakamvunja moyo, aliisoma Biblia mwenyewe akaamua kwamba torati ndiyo njia, akatahiriwa pamoja na wanawe. Idi Amin alipiga marufuku dini yao miaka ya 1970 na wakabaki mamia machache, wakisali kwa siri. Sasa ni kama 2,000. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 2004 wakulima wao walianzisha na majirani zao Wakristo na Waislamu ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, amani tamu.

Kundi la Wamarekani nililolipeleka Nabugoye, kwa hao Abayudaya wa Mbale, lilibeba vitabu vya kufundishia Kiebrania. Ijumaa jioni Zaburi zikaimbwa kwa Luganda, wazee kwa watoto, bila kitabu. Vitabu havikutolewa kwenye begi mpaka Jumapili, na walivitoa taratibu, kama mtu anayelipa nauli baada ya kushuka.

Ni kweli walitaka kupewa nchi huku kwetu?

Kweli, ingawa jina linapotosha. Unaitwa mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Kenya, upande wa Eldoret, ambayo muda mfupi kabla ilikuwa ikihesabiwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapa Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, nafasi hiyo wakati Wayahudi wakiuawa Urusi. Wakatuma wakaguzi, wakajadili, na mwaka 1905 mkutano wao wa Basel ukakataa. Wenye ardhi hawakuulizwa na upande wowote.

Wachache walikuja hata hivyo, kama Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, ambaye hoteli zake zilikuja kuwa na jina kubwa Kenya, na sinagogi la Nairobi bado lipo karibu na Chuo Kikuu. Vijana wanapenda kupelekwa pale. Wakitoka huwa na swali moja, wengine kwa kucheka na wengine bila kucheka: ingekuwaje?

Wanakula nini? Nisije nikamkosea mgeni.

Muulize yeye, maana wanatofautiana mno. Lakini ukitaka kulala salama: kitimoto hapana, sungura hapana, na vya baharini visivyo na magamba na mapezi hapana, kwa hiyo kamba, kaa, pweza na ngisi waache. Sato na sangara ruksa. Kambare hapana, hana magamba. Mbuzi na ng'ombe ni halali kwao, ila lazima achinjwe na mchinjaji wao aliyesomea, ndiyo maana anayeshika sana atakula mboga tu kwa miezi yote aliyo kwako. Usimhurumie. Ugali, maharage, mchicha, ndizi na parachichi ni karamu.

Nyama na maziwa havikutani. Ukimpa pilau ya nyama halafu chai ya maziwa, atakuomba ya rangi. Na mwenye msimamo mkali atakuwa na sufuria yake. Mwonyeshe pa kuiweka, basi. Chipsi mayai imewaokoa wengi mpaka walipogundua kwamba mafuta ni yaleyale ya mishikaki.

Wasomaji Waislamu huniuliza kama nyama halali inawatosha. Machinjo yanafanana, kisu na koo, lakini hapana, haihesabiki. Kinyume chake wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaruhusu. Msijadili hilo mezani, chakula kitapoa.

Ijumaa jioni kunakuwaje?

Sabato inaingia jua likizama Ijumaa na kutoka Jumamosi nyota tatu zikionekana. Kwa wenye kushika, muda huo hakuna kuwasha moto, simu, gari wala pesa. Kitu kinachowashangaza hapa ni uthabiti wa jua letu. Kwao wakati wa baridi Sabato inaingia saa kumi jioni watu wakiwa bado kazini, na wakati wa joto saa mbili au tatu usiku. Kwetu ni saa kumi na mbili na dakika kadhaa, mwaka mzima.

Jambo jingine wanalolipenda ni kwamba Mswahili wa pwani anawaelewa bila maelezo: siku inaanza magharibi, usiku hutangulia mchana. Hata hesabu ya siku inafanana na inapishana. Kwa Kiebrania siku zina namba, Jumapili ni ya kwanza. Kwetu Jumapili ni ya pili. Jumanne yetu kwao ni ya tatu. Wanafunzi wangu huchanganyikiwa kwa juma zima wakipishana na sisi kwa siku moja, mpaka tunapofika Alhamisi, neno la Kiarabu la siku ya tano, na kwao pia Alhamisi ni ya tano. Ndipo mmoja huuliza, sasa Jumatano ni nini? Nawaambia Waswahili tuna siku mbili za tano, tulikuwa na haraka ya kufika Ijumaa. Sita, saba na tisa zetu wanazijua kabla sijafundisha: shesh, sheva, tesha.

Na kisa cha LUKU. Umeme uliisha Ijumaa usiku katika nyumba moja ya hapa Njiro. Mgeni alikuwa na tokeni kwenye simu, lakini simu asingeiwasha, na kwa sheria yao hakupaswa hata kumwomba mwenyeji amfanyie. Akakaa gizani akiimba. Mama mwenye nyumba alinunua umeme wake, akabonyeza tarakimu 20, taa zikawaka, akamwambia, "Mwanangu, nimewasha kwa ajili yangu, wewe endelea na giza lako." Kijana aliandika maneno hayo kwenye daftari Jumamosi usiku, na nasikia sasa yanatajwa katika mafunzo ya kundi linalofuata kama mfano wa hekima ya kisheria.

Niwaulize kuhusu Israel na Palestina?

Uliza kama unataka jibu. Usiulize kama unataka kumhukumu. Baada ya Oktoba 7, 2023 swali hili limekuwa zito zaidi, na kwetu Tanzania lina jeraha letu wenyewe: vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kujifunza kilimo waliuawa siku ile. Halafu tumeona Gaza, maelfu kwa maelfu ya waliouawa, watoto wengi mno wakiwamo. Mtaani kwangu wako wanaoswali kwa ajili ya upande mmoja na wanaoomba kwa ajili ya mwingine.

Utakachokikuta ni kwamba hawa vijana wenyewe hawakubaliani. Nimemwona binti akitoka kwenye duara akilia kwa sababu mwenzake alisema Israel imetenda dhulma, na nimemwona kijana akitoka analia kwa sababu mwenzake alikataa kusema hivyo. Wote wawili walirudi asubuhi kuchimba mtaro mmoja. Sikuwapatanisha na sidhani kama wamepatana.

Ni maneno gani tuyaepuke?

Kumwita mtu bahili "Myahudi". Nimelisikia tangu utotoni, watu hulisema bila kuwaza. Pia lile la "mliomuua Yesu", ambalo mtoto wa darasa la nne alimwambia mgeni wangu kwa upole kabisa, kama anayeuliza habari za safari. Mchungaji wangu alipata taabu nilipomweleza. Kanisa Katoliki lililikataa shtaka hilo waziwazi mwaka 1965. Sifa nazo zinachosha: "nyie mna akili sana", "nyie mnamiliki benki zote". Huyu kijana ana deni la chuo.

Tuliambiwa tuwapeleke kwenye kumbukumbu za mauaji ya kimbari. Ni lazima?

Si lazima, na usiwapeleke siku ya kwanza. Kumbukumbu ya Gisozi, Kigali, ndimo walimozikwa watu zaidi ya 250,000. Kuna sehemu inayoeleza mauaji ya kimbari ya kwingineko, na Maangamizi ya Wayahudi yamo. Wageni hufika pale na kuona majina wanayoyajua kutoka nyumbani, Auschwitz, Treblinka, kwenye ukuta wa mji wa Kiafrika.

Kijana mmoja ambaye babu yake alinusurika alipita kote bila neno. Alipofika chumba cha watoto, chenye picha na maelezo mafupi, mtoto huyu alipenda chakula gani, alikufaje, akatoka nje. Nilimfuata na maji. Aliniambia kwamba jumba la kumbukumbu ya Maangamizi huko Washington lilifunguliwa Aprili 1993, na wakubwa wote wakasimama wakaapa isitokee tena. Mwaka mmoja baadaye, Aprili. "Wazazi wangu walikuwa wanaangalia televisheni, mwalimu." Akarudia: wanaangalia.

Aprili ni mwezi mzito kwao. Pasaka yao, ambayo ni sherehe ya kutoka utumwani Misri, kwa kawaida huangukia humo. Kwibuka, maombolezo ya Rwanda ya mauaji ya kimbari, huanza tarehe 7. Na siku yao ya kukumbuka Maangamizi hufuata baada ya Pasaka kwa siku chache. Ukipokea kundi mwezi huo, wapunguzie ratiba.

Sema ukweli: wanasaidia?

Wa wiki mbili, kwa kazi ya mikono, hapana. Nimeona ukuta wa darasa ukipakwa rangi na vijana 12 ambao nauli yao ingelipa mafundi wa kijiji mwaka mzima, na mafundi hao wamekaa ng'ambo ya barabara wanatazama. Baadhi ya mashirika ya Kiyahudi yameliona hilo yenyewe na kubadilisha safari fupi ziwe za kujifunza, bila kujisingizia kujenga. Huo ni uungwana. Mtu akija kujifunza alipe ada, ale, aulize, aondoke.

Wa mwaka mmoja ni hadithi nyingine, mradi yuko chini ya mtu wa hapa. Hicho ndicho kipimo changu pekee. Nauliza: mkubwa wako nani? Akinitajia jina la Mama fulani, mwalimu mkuu fulani, najua atafaa. Akinitajia ofisi iliyoko bara jingine, namfundisha Kiswahili chake na kumwombea.

"Mwalimu, wakiniuliza mimi ni nani, nijibu nini?"

Hili ni lao. Zamani nilikuwa na jibu zuri refu. Siku hizi nawafundisha kuitika kwanza. Mkubwa akikuita kwetu, husemi "nini?" wala "nakuja". Unasema abee, au naam kama ni mvulana, na kwa wazee wa pwani, labeka. Nilipoeleza hivyo darasani, msichana wa Haifa, Israel, aliweka kalamu chini. Akasema wanalo neno hilo, hineni, alilojibu Ibrahimu alipoitwa kumtoa mwanawe, na Musa mbele ya kichaka. Biblia yetu inasema "mimi hapa". Kwao leo hakuna anayeitika hivyo akiitwa na mama yake, alisema, limebaki la sinagogi. Hapa alimsikia mtoto wa miaka mitano akilitumia kwa sababu ametumwa chumvi.

Mwezi mzima aliitika labeka kwa kila mtu, hata kwa konda.

Wakiondoka tuwape zawadi gani?

Kahawa haina shida. Asali nayo ruksa, na Mwaka Mpya wao, ambao ni Septemba au Oktoba, huliwa tofaa na asali. Mvinyo usiwape, una masharti yake. Kanga ndiyo bora: Ijumaa jioni mikate miwili hufunikwa kitambaa kabla ya baraka, na najua meza za Boston na London ambako kitambaa hicho ni kanga ya Arusha. Soma jina lake kabla hujanunua. Nilimpa mmoja kwa haraka, akanitumia picha ya meza imepambwa, mishumaa, mikate, na pembeni maandishi yanasomeka vizuri kabisa kwamba jirani hanipendi lakini naishi.